Bunge na bei ya dukani: nani anashika ufunguo wa kodi?

KILA mwaka, mwezi Juni unapofika katikati, wauzaji wa jumla wa Kariakoo huanza kuuza kwa mahesabu. Mwenye stoo ya vinywaji hatoi kreti zote. Mwenye mafuta ya kula hupokea oda lakini hataji bei ya wiki ijayo. Mwenye lori la saruji husita kukubali kazi ya mkoani, kwa sababu hajui dizeli itauzwaje ifikapo Julai mosi. Wote wanamsubiri Waziri wa Fedha asimame Dodoma na kusoma hotuba ya bajeti ya Serikali.

Kusubiri si kosa. Kosa ni kuamini kwamba Waziri akishasoma, mambo yamekwisha. Kwa mujibu wa Katiba, hotuba ya Waziri ni maombi. Kodi huwa kodi pale Bunge linapotunga sheria ya kuitoza, na shilingi ya Hazina huwa halali kutumika pale Bunge linapoidhinisha. Kwa upande wa pili, Bunge nalo haliwezi kufanya lolote linalotaka katika mambo ya fedha. Lina mipaka, na baadhi ya mipaka hiyo ni migumu kuliko wengi wanavyodhani.

Mfanyabiashara asiyeijua mipaka hiyo hupeleka kilio chake mahali pasipo na dawa, au hukifikisha penye dawa wakati duka limefungwa. Kwa sababu hiyo, wiki hii taarifa ya soko inaangalia madaraka na wajibu wa Bunge la Jamhuri ya Muungano kwa jicho la mtu anayenunua, anayeuza na anayelipa kodi.

BUNGE NI NINI HASA

Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Rais hahudhurii vikao vya kila siku, lakini muswada uliopitishwa na Wabunge hauwi sheria mpaka yeye aukubali. Akikataa, huurudisha pamoja na sababu zake. Muswada uliorudishwa hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi 6 kupita, isipokuwa kama umeungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote. Ukipelekwa kwa nguvu hiyo, Rais anapaswa kuukubali ndani ya siku 21, la sivyo alivunje Bunge.

Kazi za Bunge zimetajwa katika Ibara ya 63, ambayo inaliita chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kazi hizo ni tano. Kwanza, kumuuliza Waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma. Pili, kujadili utekelezaji wa kila Wizara wakati wa mkutano wa bajeti wa kila mwaka. Tatu, kujadili na kuidhinisha mipango ya maendeleo ya muda mrefu na mfupi. Nne, kutunga sheria pale utekelezaji unapohitaji sheria. Tano, kujadili na kuridhia mikataba na makubaliano ambayo kwa masharti yake yanahitaji kuridhiwa.

Kazi hii ya tano mara nyingi husahauliwa, ingawa ina uzito mkubwa kibiashara. Septemba 2021 Bunge liliridhia mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika. Juni 10, 2023 liliridhia makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu uendelezaji wa bandari, hatua iliyotangulia mkataba wa uendeshaji uliotiwa saini Oktoba mwaka huo huo na kampuni ya DP World. Kila anayetoa kontena bandarini Dar es Salaam aliguswa na kura hiyo.

Ibara ya 64 inaweka mpaka mwingine. Bunge hutunga sheria kwa mambo ya Muungano na kwa mambo ya Tanzania Bara. Mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano yako mikononi mwa Baraza la Wawakilishi. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano; kodi ya ongezeko la thamani ya Zanzibar ina sheria yake iliyotungwa na Baraza. Mchuuzi anayesafirisha bidhaa kati ya Dar es Salaam na Unguja anafanya biashara chini ya vyombo viwili vya kutunga sheria, na ni vyema ajue ni kipi kinahusika na risiti gani.

MKASI BILA UZI

Ibara ya 138 ndiyo ngao ya mlipa kodi. Inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na wenye nguvu ya sheria kutokana na sheria iliyotungwa na Bunge. Ofisa yeyote anayedai malipo dukani, kwenye kizuizi cha barabarani au gulioni anaweza kuulizwa swali moja kwa adabu: ni sheria gani? Kama hakuna sheria, hakuna kodi.

Baada ya ngao hiyo, Katiba inaweka kamba. Ibara ya 99 inakataza Bunge kushughulikia muswada au hoja ya kutoza kodi, au ya kubadilisha kodi kwa namna nyingine isipokuwa kuipunguza, mpaka Rais awe amependekeza jambo hilo na pendekezo liwe limewasilishwa na Waziri. Sharti hilo hilo linahusu fedha zinazotoka Mfuko Mkuu wa Hazina: Mbunge hawezi kwa hoja yake mwenyewe kuongeza malipo.

Kwa maneno mengine, Bunge limepewa mkasi, halikupewa uzi. Linaweza kukata kiwango kilichoombwa au kukikataa kabisa. Haliwezi kushona kodi mpya lenyewe.

Kwa desturi pengo hili huzibwa kwa mazungumzo. Kamati ya Bajeti hukaa na Wizara ya Fedha, huita wadau watoe maoni juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha, kisha Serikali yenyewe huleta jedwali la marekebisho. Hapo ndipo viwango vingi hubadilika. Mtu anayetaka kiwango kipunguzwe anaweza kumwendea Mbunge wake, naye akasimama kwa nguvu zote za kikatiba. Anayetaka bidhaa ya mshindani kutoka nje itozwe zaidi hana budi kuishawishi Serikali kwanza, kwa kuwa Mbunge peke yake hana uwezo huo.

ALIYEFUNGA NDIYE AFUNGUE

Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri ni ule wa kodi ya laini za simu wa mwaka 2013. Katika Sheria ya Fedha ya mwaka huo Bunge lilipitisha ushuru wa Sh. 1,000/= kwa mwezi kwa kila laini ya simu ya mkononi. Kwa mwaka ni Sh. 12,000/= kwa laini moja, na mwenye laini mbili alitakiwa kulipa Sh. 24,000/=. Kiasi kilikuwa kile kile kwa mwenye kuongea kutwa nzima na kwa bibi kizee wa kijijini anayepokea tu simu za wajukuu.

Malalamiko yalianza mara tu watu walipoelewa kilichopitishwa. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete alikutana na wahusika wa Serikali na wa kampuni za simu, akawataka watafute njia nyingine ya kuziba pengo litakalobaki kwenye bajeti. Waliosikia habari hizo walidhani kodi imekufa siku hiyo.

Haikufa. Rais ni sehemu ya Bunge, lakini peke yake hawezi kufuta sheria iliyokwisha kupitishwa. Kampuni za simu zikabaki katikati: sheria inazidai, wateja wanakataa, na viongozi wanasema ufumbuzi unatafutwa. Ilibidi kungoja hadi Desemba 2013, ambapo Serikali ilirudi Bungeni na Bunge likaufuta ushuru huo kwa sheria nyingine. Bunge ndilo lililofunga, na Bunge ndilo lililofungua.

Fundisho la pili la mkasa huo liko kwenye bei. Wakati ushuru wa laini ulipofutwa, ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu ulipandishwa kutoka asilimia 14.5 hadi asilimia 17. Bajeti ilikuwa imekwisha pangwa na matumizi yamekwisha idhinishwa, kwa hiyo fedha zilipaswa kutoka mahali. Mwaka 2017 ilitokea hivyo hivyo kwa wenye magari: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa Sh. 40/= kwa lita. Mwenye gari linalolala nyumbani alipata nafuu, na mwenye lori linalokwenda Tunduma kila wiki akalipa zaidi.

Kila mara inapotangazwa kuwa kodi fulani imeondolewa, mwenye biashara anapaswa kutafuta katika muswada huo huo mahali ilikohamia.

KUFUTA KODI NA KUSHUSHA BEI NI MAMBO MAWILI

Bunge linaweza kufuta kodi. Kuagiza bei ishuke ni jambo jingine. Mwaka 2018 liliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, kwa nia ya kuwasaidia wasichana wa shule na akina mama wa kipato cha chini. Mwaka mmoja baadaye, katika bajeti ya 2019/20, Serikali iliomba msamaha huo ufutwe kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka na walengwa hawakunufaika. Baadhi ya Wabunge walipinga, lakini Bunge lilikubali.

Jambo hilo lina maelezo ya kibiashara ambayo mwenye duka anayafahamu. Bidhaa inaposamehewa kodi hiyo, mwenye kiwanda hawezi kudai kurejeshewa kodi aliyolipa kwenye malighafi na vifungashio. Gharama hiyo hubaki ndani ya bei. Shehena ya zamani iliyolipiwa kodi nayo hukaa rafuni kwa wiki kadhaa, na kila mkono unaoipitisha bidhaa mpya huona nafasi ya kubakiza kidogo. Matokeo yake nafuu ya asilimia 18 iliyotangazwa Dodoma hufika Mbagala ikiwa imekonda.

Wafanyabiashara wanaoomba misamaha ya kodi kila mwaka wakumbuke mfano huo. Msamaha usioonekana kwenye bei huwa mgumu kuutetea mara ya pili.

FEDHA ZINAVYOTOKA

Upande wa pili wa bajeti ni matumizi, nao unawahusu hasa wazabuni na makandarasi. Ibara ya 135 na ya 136 zinasema mapato ya Serikali huingia Mfuko Mkuu wa Hazina, na hakuna fedha itakayotolewa humo ila kwa idhini ya Katiba yenyewe au ya sheria iliyotungwa na Bunge. Kila Wizara ina fungu lake, na kila fungu lina vifungu. Wabunge hujadili Wizara moja baada ya nyingine, kisha hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia vifungu hivyo.

Hapo ndipo husikika msemo wa kushika shilingi. Mbunge asiyeridhika na majibu hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri. Shilingi moja haimfilisi mtu, lakini hoja humlazimisha Waziri atoe maelezo ya kutosha mbele ya Bunge zima. Mbunge akiridhika huirudisha shilingi. Asiporidhika jambo huamuliwa kwa kura. Barabara nyingi, maghala ya mazao na madeni ya wakulima yamepatiwa ahadi kwa njia hii.

Mwisho Wabunge huitwa kwa majina, mmoja mmoja, kupigia kura bajeti nzima. Kura hiyo ina uzito wa pekee. Chini ya Ibara ya 90, Bunge likikataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali, Rais anaweza kulivunja, na Wabunge wakarudi majimboni kuomba kura upya. Ndiyo sababu Mbunge anaweza kuilaumu Wizara wiki nzima, kisha siku ya mwisho akasema ndiyo. Anayetaka kuona nguvu za Bunge katika bajeti atazame kamati na vifungu, maana kura ya mwisho mara nyingi huwa imejulikana kabla ya kupigwa.

Kwa mzabuni aliyepeleka maharage kwenye shule ya bweni, au karatasi kwenye ofisi ya mkoa, kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, fungu lililoidhinishwa ni kiwango cha juu cha matumizi. Si fedha taslimu mezani. Hazina hutoa fedha kadiri mapato yanavyoingia, na mapato yakipungua fungu hubaki kwenye karatasi. La pili, kuna malipo yanayotangulia mengine yote. Ibara ya 141 inasema deni la Taifa linadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina, kwa hiyo marejesho ya mikopo na riba hayasubiri kura ya kila mwaka kama inavyosubiri oda ya maharage. Deni likikua, foleni ya wazabuni nayo hurefuka. Kabla ya kupokea oda kubwa ya Serikali, ni busara kuuliza kama imetolewa chini ya kifungu chenye fedha.

YASIYOAMULIWA DODOMA

Baadhi ya malalamiko yanayofikishwa kwa Wabunge hayana dawa Bungeni, au dawa yake imekwisha gawiwa kwa mwingine.

La kwanza ni ushuru wa forodha. Tangu Januari 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatumia ushuru wa pamoja kwa bidhaa kutoka nje ya Jumuiya, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, iliyotungwa na Bunge la Afrika Mashariki. Viwango vilikuwa asilimia 0, 10 na 25. Julai 2022 kikaongezwa cha asilimia 35. Bidhaa zinazoitwa nyeti zina viwango vya juu zaidi, kama mchele uliowekwa katika asilimia 75. Mabadiliko huamuliwa na Baraza la Mawaziri la Jumuiya na kutangazwa katika Gazeti la Jumuiya. Mwagizaji wa mchele anayetaka kiwango kibadilike, au mkulima wa Kyela anayetaka kisiguswe, aanzie Wizara ya Fedha na Wizara ya Viwanda na Biashara mapema, kabla mawaziri hawajasafiri kwenda Arusha.

La pili ni kanuni za mawaziri. Ibara ya 138 inaruhusu utaratibu wenye nguvu ya sheria, na Bunge mara nyingi hukabidhi kazi ya kupanga viwango kwa Waziri. Ndivyo ilivyokuwa kwa tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliweka tozo hiyo na kumpa Waziri uwezo wa kutunga kanuni. Ilianza Julai 15, 2021, kati ya Sh. 10/= na Sh. 10,000/= kwa muamala kutegemea kiasi. Kelele zilipozidi, Septemba mwaka huo ilipunguzwa kwa asilimia 30 kwa kanuni, bila kungoja mkutano wa Bunge.

Hebu na ilinganishwe na kodi ya laini. Mwaka 2013 kiwango kilikuwa ndani ya sheria yenyewe, na nafuu ilichukua miezi. Mwaka 2021 kiwango kilikuwa kwenye kanuni, na nafuu ilikuja katika wiki chache. Inaonekana kama faida, lakini mlango unaofunguka upesi hufungika upesi pia: Waziri anayeweza kupunguza kwa kanuni anaweza pia kupandisha kwa kanuni, kwa kadiri sheria inavyomruhusu. Kanuni zikishatangazwa hupelekwa mezani Bungeni, nalo lina Kamati ya Sheria Ndogo ya kuzichunguza, ila wakati huo soko limekwisha anza kulipa. Anayesoma muswada asiishie kwenye viwango. Atafute pia maneno yanayompa Waziri uwezo wa kutunga kanuni.

La tatu ni ushuru wa halmashauri. Madiwani hutunga sheria ndogo, lakini ndani ya kuta zilizojengwa na Bunge. Mwaka 2017 Bunge lilishusha ukomo wa ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi usiozidi asilimia 3, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Mtu anayetozwa zaidi ya hapo na karani wa kizuizini ana sheria ya nchi upande wake.

BAADA YA FEDHA KUTUMIKA

Wajibu wa Bunge hauishii kwenye kuidhinisha. Ibara ya 143 inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akague hesabu angalau mara moja kila mwaka na kutoa taarifa kwa Rais, ambaye huagiza iwasilishwe Bungeni ndani ya siku 7 tangu kuanza kwa kikao cha kwanza baada ya kuipokea. Rais asipofanya hivyo, Mkaguzi ana uwezo wa kuipeleka kwa Spika. Taarifa hizo huchambuliwa na kamati, maarufu zaidi ikiwa Kamati ya Hesabu za Serikali inayojulikana kwa jina la PAC. Kwa desturi mwenyekiti wake hutoka upinzani.

Ukali wa kazi hii umeonekana mara mbili kwa namna isiyosahaulika. Februari 2008 Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilitoa taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, mawaziri wawili pia wakaondoka, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Novemba 2014 PAC, ikiongozwa na Zitto Kabwe, ilileta taarifa ya fedha zilizotoka akaunti ya Tegeta Escrow. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu mwezi uliofuata, na mawaziri wawili wakapoteza nafasi zao kabla ya mwezi Januari kwisha.

Hata hapo mipaka ilionekana. Bunge linaweza kumwondoa Waziri Mkuu kwa kura ya kutokuwa na imani naye, ikiwa hoja imesainiwa na asilimia 20 ya Wabunge na kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya Wabunge wote. Waziri wa kawaida huteuliwa na Rais, na azimio la Bunge dhidi yake ni ushauri mzito tu. Bunge pia halimshitaki mtu wala halirudishi fedha. Hutoa azimio, na utekelezaji ni wa Serikali.

Kwa wafanyabiashara, mashauri yote mawili yalihusu umeme. Mkataba wa umeme usiochunguzwa mapema huja kuonekana kwenye bili ya mashine ya kusaga na jokofu la bucha. Ukaguzi wa Bunge huja baada ya fedha kutoka, na hasara iliyokwisha ingia kwenye gharama za umeme haitoki kwa mtu kujiuzulu.

KALENDA YA MWENYE DUKA

Zamani hotuba ya bajeti ilisomwa Juni, na mjadala wa wizara uliendelea hadi Agosti, wakati mwaka wa fedha umekwisha anza. Mwaka 2013 mzunguko ulibadilishwa, na Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 ikauwekea nguvu. Kwa utaratibu huu mambo huenda hivi:

Kwanza, mwishoni mwa mwaka, kwa kawaida Novemba, Bunge hujadili mapendekezo ya mpango wa maendeleo na mwongozo wa bajeti ijayo. Kipindi hicho Wizara ya Fedha nayo hukaribisha mapendekezo ya kodi kutoka kwa wadau. Huu ndio wakati wa kuomba kiwango kipya, hasa kinachohitaji kupandishwa au kinachohusu forodha.

Pili, kuanzia Januari hadi Machi kamati za Bunge hukutana. Vyama vya wafanyabiashara vyenye takwimu zake mkononi husikilizwa hapa kuliko mahali pengine popote.

Tatu, Aprili mkutano wa bajeti huanza na wizara hujadiliwa moja moja. Mzabuni mwenye deni la muda mrefu amkumbushe Mbunge wake kabla ya siku ya wizara inayohusika.

Nne, katikati ya Juni hotuba husomwa na Muswada wa Sheria ya Fedha huwa wazi. Siku chache zinazofuata, Kamati ya Bajeti hupokea maoni. Hapa mkasi bado unafanya kazi, uzi umekwisha.

Tano, Juni 30 mlango hufungwa. Julai mosi viwango vipya huanza.

Kalenda hiyo ina dharura zake. Julai 2017, baada ya bajeti kupita, Bunge lilipitisha kwa hati ya dharura sheria mpya za rasilimali na marekebisho ya Sheria ya Madini. Mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi, bila malipo. Kampuni zilizodhani msimu wa sheria umekwisha zilijikuta na siku chache tu za kutoa maoni.

Mwenye stoo ya vinywaji anayeficha nusu ya kreti zake hadi siku ya hotuba anaweza kupata faida ya wiki moja. Jirani yake aliyekwenda na chama chake Dodoma mwezi Februari, na hesabu za mauzo ya miaka mitatu kwenye faili, huenda akapata kiwango kitakachomsaidia mwaka mzima. Bunge ni lile lile kwa wote wawili. Tofauti ni kwamba mmoja amelifuata likiwa bado na la kuamua.